Nilifanyiwa baipasi ya tumbo na sasa nina mimba: je, vidonge vya kliniki vinanitosha?

SWALI

Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 32, naishi Dar es Salaam. Mwaka jana nilikwenda India nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa baipasi. Nilikuwa na kilo 126, sasa nina 84, na urefu wangu ni sentimita 162. Imetimia miezi 12 tangu upasuaji, na nina mimba ya wiki 10 ambayo hatukuipanga, maana nilikuwa natumia vidonge vya majira. Vitamini nilizorudi nazo ziliisha miezi mitatu iliyopita, na kwa kuwa nilijisikia vizuri sikununua nyingine. Kliniki wamenipa FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, wakasema zinatosha, ila sikuwaambia habari ya upasuaji kwa aibu. Natapika kila siku, na wiki hii hata uji haukai. Natamani kula udongo kupita kiasi. Mama mkwe ananipikia supu ya maini kila asubuhi ili niongeze damu. Shangazi naye anasema mtu aliyekatwa utumbo hawezi kulisha mtoto tumboni, nimekaa naogopa. Je, ni kweli mtoto wangu atakosa lishe?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa ujauzito. Umeuliza mengi, ila moja haliwezi kusubiri, kwa hiyo naanza nalo. Kama wiki hii uji haukai tumboni, mwombe mtu wa nyumbani akupeleke hospitali leo hii, ndipo urudi kusoma yaliyobaki.

Sababu ni vitamini B1, inayoitwa pia thiamini. Mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini hii. Mtu asipokula, iliyopo huisha ndani ya wiki mbili hadi tatu. Mjamzito yeyote anayetapika sana anaweza kupungukiwa, lakini wewe umeingia kwenye kutapika ukiwa tayari na akiba ndogo: unakula kidogo, na vitamini umeziacha kwa miezi mitatu. Thiamini ikiisha, ubongo huumia. Dalili zake ni macho kuchezacheza au kuona kitu kimoja kama viwili, kuyumba unapotembea, na kuchanganyikiwa au kusahau mambo ya jana. Si lazima zije zote kwa pamoja. Matibabu yakichelewa, kumbukumbu inaweza isirudi tena.

Sasa shika jambo hili vizuri, na mume wako alishike pia, kwa sababu unaweza kufika hospitali ukiwa huna nguvu ya kujieleza. Mjamzito anayetapika akifika mapokezi, mara nyingi hutundikiwa dripu, na dripu hiyo huwa na glukosi. Mwili unahitaji thiamini ili kuitumia sukari. Mtu ambaye thiamini imekaribia kuisha akipewa glukosi peke yake, ile kidogo iliyobaki inatumika yote kwa mkupuo, na ubongo unaumia pale pale kitandani. Kwa hiyo semeni mapema: "Alifanyiwa baipasi ya tumbo, ametapika kwa siku kadhaa, tunaomba sindano ya thiamini itangulie kabla ya glukosi." Dripu ya maji ya chumvi haina shida hiyo. Sukari ya damu ikikutwa imeshuka sana glukosi haitasubiri, lakini thiamini iende nayo kwa wakati mmoja. Na usidanganyike na vidonge vya B komplexi vya dukani. Vingi vina thiamini kidogo mno kwa mtu aliye katika hali yako. Wakati kutapika kunaendelea, kipimo kinachofaa ni thiamini yenyewe, miligramu 200 hadi 300 kwa siku, na isipokaa tumboni idungwe.

Waombe pia dawa ya kuzuia kutapika. Zipo ambazo zimetumika kwa wajawazito kwa miaka mingi, na kwako wewe kuvumilia tu mpaka kupite si uamuzi mzuri.

Nikija kwenye swali lako kuu: FEFO hazitoshi. Nesi hakukosea, alikupa kile kinachomtosha mjamzito ambaye tumbo lake liko kama alivyozaliwa, na hakuwa na namna ya kujua la kwako liko tofauti. Ndiyo maana kabla ya yote mengine nakuomba uvue hiyo aibu. Unene ni hali ya kiafya, upasuaji ni tiba, na aliyetibiwa hana cha kuficha. Ukienda kliniki safari ijayo, uandikiwe kwenye kadi, ukurasa wa kwanza, aina ya upasuaji na tarehe yake, na ubebe ile karatasi ya kuruhusiwa uliyopewa India. Wakunga na madaktari wengi hapa kwetu hawajawahi kumhudumia mjamzito mwenye baipasi. Wasipoambiwa, hawana sababu ya kukisia.

Baipasi inafanya nini? Daktari wa upasuaji anatenga sehemu ndogo ya juu ya mfuko wa chakula, inayobeba kiasi cha mililita 30 hivi, kisha anaiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba huko chini. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko, na kinaruka mwanzo wa utumbo mwembamba. Huko kunakorukwa ndiko madini ya chuma yanakofyonzwa kwa wingi, na kalsiamu pia. Asidi ya tumboni nayo inapungua, wakati chuma, kalsiamu na vitamini B12 vinaihitaji ili vitoke kwenye chakula na kuingia mwilini. Kwa hiyo unaweza kula chakula bora kabisa na bado damu ikapungua, kwa kuwa mlango wa kuingilia umehamishwa. Waliofanyiwa slivu, yaani kukatwa sehemu kubwa ya mfuko bila kuhamisha utumbo, hupata matatizo ya aina hii pia, ingawa kwa kawaida si makali hivyo. Na wanaowekewa puto tumboni, huduma ambayo hapa nchini inatolewa Mloganzila, hawajahamishiwa chochote, ila nao hula kidogo na wengi hutapika. Hao wakipata mimba wawasiliane mara moja na daktari aliyewawekea.

Niseme zaidi juu ya B12, kwa sababu ndiyo inayojificha kuliko zote. Vitamini hii inapatikana katika vyakula vya wanyama tu: nyama, samaki, mayai, maziwa. Ili ifyonzwe inahitaji protini maalumu inayotengenezwa na ukuta wa mfuko wa chakula, ikutane nayo, zisafiri pamoja hadi mwisho wa utumbo mwembamba. Baipasi inaharibu makutano hayo. Ini huweka akiba ya B12 ya kutosha miaka kadhaa, ndiyo maana mwaka wa kwanza baada ya upasuaji mtu hujisikia mzima, kama ulivyojisikia wewe, akaacha dawa. Upungufu unapojitokeza, huja taratibu: ganzi au kuchomachoma miguuni, ulimi kuuma, uchovu, usahaulifu. Mjamzito akimweleza mtu dalili hizo ataambiwa ni mimba tu.

Kuna mitego miwili ya maabara ambayo daktari wako lazima aikumbuke. Wa kwanza uko ndani ya FEFO yenyewe. Foliki asidi iliyomo inaweza kuinua damu ya mtu aliyepungukiwa na B12, wingi wa damu ukasoma vizuri, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Wa pili ni huu: upungufu wa chuma hufanya chembe nyekundu za damu kuwa ndogo, na upungufu wa B12 huzifanya kubwa. Ukiwa na vyote viwili, wastani wa ukubwa unaosomwa kwenye picha kamili ya damu unaweza kutoka wa kawaida, na kila mtu akaridhika. Kwa hiyo B12 ipimwe yenyewe, na feritini, ambayo ndiyo kipimo cha akiba ya chuma, ipimwe yenyewe.

Na kama fedha au maabara haviruhusu kupima B12? Ushauri wangu ni udungwe tu. Sindano ya B12 ya miligramu 1 ni ya gharama nafuu, haimdhuru mama wala mtoto, na mwili hutoa kwenye mkojo kile usichokihitaji. Ile ya sayanokobalamini kwa kawaida hudungwa kila mwezi, na ile ya haidroksokobalamini kila baada ya miezi mitatu. Akikutwa mtu amepungukiwa tayari, huanza kwa kudungwa mara kwa mara zaidi. Wenye kisukari wanaotumia metformini wajue kwamba nayo inapunguza B12, hivyo wao wana sababu mbili.

Chuma. Kidonge kimoja cha FEFO kwa kawaida kina miligramu 60 za chuma halisi, kiasi ambacho si kidogo. Shida ni kiasi gani kinaingia mwilini mwako. Usimeze pamoja na chai, iwe ya rangi au ya maziwa. Chai hukamata chuma kisifyonzwe. Usimeze pamoja na kalsiamu. Acha pengo la saa mbili angalau. Meza na maji uliyokamulia ndimu, au na chungwa. Ukinunua vidonge vya chuma dukani, usichukue vile vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole, kwa kuwa kwako vitakuwa vimeshapita mahali pa kufyonzwa kabla havijayeyuka. Na kama unaendelea na omeprazo tangu upasuaji, muulize daktari kama bado unaihitaji, maana inapunguza asidi ambayo tayari ni chache.

Feritini ikiwa chini ya 30, akiba yako imekaribia kuisha hata kama wingi wa damu unasoma 11. Kwa mtu mwenye baipasi, mimi sipendi kusubiri miezi na miezi vidonge vifanye kazi visivyoiweza. Kuanzia mwezi wa nne chuma kinaweza kutolewa kwa mshipa, hospitalini, na mara nyingi dozi moja au mbili zinatosha kujaza akiba. Hakitolewi hivyo katika miezi mitatu ya kwanza. Ulizia mapema, kwa sababu si kila hospitali inayo dawa hiyo. Wakati huo huo upimwe malaria na minyoo, kwani upungufu wa damu hapa kwetu mara nyingi una sababu zaidi ya moja.

Huo udongo unaoutamani unaingia hapa hapa. Najua pemba inauzwa kila soko na wajawazito wengi wanaitafuna kama jambo la kawaida. Kwako, hamu kali ya udongo, mchele mbichi au barafu ni ishara ninayoitilia maanani, kwa sababu mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Udongo wenyewe hukamata chuma na zinki tumboni, hivyo unazidisha kile kilichokufanya uutamani, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo na hata madini ya risasi. Wengi hueleza kwamba chuma kikijaa mwilini, hamu hiyo inapungua yenyewe. Usijilaumu, ila mwambie mkunga.

Sasa supu ya maini. Mama mkwe anafanya hivyo kwa upendo, na kuhusu damu hajakosea hata kidogo: maini yana chuma na B12 kwa wingi. Tatizo ni vitamini A. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina retinoli zaidi ya mikrogramu 7,000, wakati kiwango ambacho mjamzito hashauriwi kukipita kwa siku ni mikrogramu 3,000. Retinoli ikizidi katika miezi mitatu ya kwanza inaweza kuharibu uumbaji wa mtoto. Ulichokwisha kula kisikunyime usingizi, hasa kwa vile mengi umeyatapika, lakini acha leo. Mwombe mama akubadilishie: nyama nyekundu ya kusaga iliyoiva sana, firigisi zilizochemshwa mpaka zikalainika, au dagaa. Hivyo anaendelea kukupikia, nawe humvunji moyo. Mafuta ya ini la samaki yaache pia.

Ila vitamini A yenyewe unaihitaji, na waliofanyiwa baipasi huweza kupungukiwa. Dalili ya kwanza huwa ni kutoona vizuri giza linapoingia. Njia salama ni betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji. Mawese mekundu ya Kigoma yamejaa betakarotini, na viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa, vivyo hivyo. Ukinunua vitamini za wajawazito, soma kopo: chagua zilizoandikwa betakarotini. Zile laini za kutafuna zilizotengenezwa mfano wa peremende mara nyingi hazina chuma, kwa hiyo si mbadala.

Foliki asidi ina maelezo ya kipekee kwa nchi zenye malaria. Ukisoma miongozo ya Ulaya utakuta mwanamke mwenye uzito kama wako, ambao kwa urefu wako bado unahesabiwa kuwa unene, anashauriwa kumeza miligramu 5 kwa siku kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12, ili kuzuia mgongo wazi. Lakini mfereji unaokuja kuwa uti wa mgongo hufunga kama siku 28 baada ya mimba kutungwa, na wewe umeshapita huko. Na kuanzia wiki ya 13 utaanza kupewa dozi za SP za kuzuia malaria. SP hufanya kazi kwa kuwanyima vimelea foleti, vitamini ambayo foliki asidi ni aina yake ya vidonge, na Shirika la Afya Duniani linakataza kuitoa pamoja na foliki asidi ya miligramu 5 au zaidi, kwa kuwa inadhoofika. Miligramu 0.4 iliyomo kwenye FEFO haina tatizo hilo. Kwa wiki uliyofikia, sioni faida ya kukimbilia kile kidonge kikubwa, isipokuwa kipimo kikionyesha umepungukiwa na foleti, na hapo B12 itangulie au iende nayo. Kinachofaa zaidi ni kipimo cha altrasaundi kati ya wiki ya 18 na 22, kifanywe na mtu mzoefu atakayeangalia mgongo na kichwa cha mtoto kwa makini.

Kalsiamu: jumla ya miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku ukihesabu na chakula, katika dozi zisizozidi 500 au 600 kwa mara moja. Aina ya sitreti ndiyo bora kwako kwa kuwa haihitaji asidi. Ukikosa, tumia kaboneti pamoja na chakula. Kalsiamu ya kutosha pia hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa wanawake ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo. Vitamini D uniti 3,000 kwa siku ni kipimo cha kawaida baada ya baipasi, na usiseme sisi wa pwani tuna jua. Anayefanya kazi ndani kutwa, au anayevaa buibui kila atokapo, hupata jua kidogo sana kwenye ngozi. Zinki na shaba huenda kwa pamoja, kwani zinki nyingi peke yake humaliza shaba mwilini. Vitamini nzuri ya wajawazito itakuwa nazo zote mbili.

Kuhusu chakula, protini ndiyo ya kwanza. Lenga gramu 60 kwa siku au zaidi. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa kama 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kiasi cha 20. Sahani ikiletwa, anza na samaki au maharage, kisha mboga, ugali au wali uje mwisho kwa nafasi iliyobaki, maana ukianza na ugali huna tena pa kuweka kingine. Kula mara tano au sita, kidogo kidogo. Maji yanywe kati ya milo, nusu saa kabla au baada. Dagaa waliosagwa unga, vijiko viwili ndani ya uji usio na sukari nyingi, vinakupa protini, kalsiamu na B12 kwa pamoja, na hakuna harufu nzito ukiwakaanga kidogo kabla ya kusaga. Usijaribu kupungua wakati huu. Kwa uzito ulioanza nao, kuongezeka kilo 5 hadi 9 mpaka kujifungua kunatosha, na najua kuona mzani ukipanda baada ya safari yote ile kunaogopesha. Kilo hizo ni mtoto, kondo, maji na damu mpya.

Shangazi yako sasa. Mwambie kwa heshima kwamba wanawake wengi duniani wamezaa watoto wazima baada ya upasuaji huu. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la The New England Journal of Medicine uliwalinganisha waliopata mimba baada ya upasuaji na wanawake wa uzito kama waliokuwa nao kabla. Kisukari cha mimba kilikuwa asilimia 1.9 kwa waliofanyiwa, dhidi ya 6.8 kwa wenzao. Watoto wakubwa kupita kiasi walikuwa asilimia 8.6 dhidi ya 22.4. Hizo ni faida za kweli ulizompa mtoto wako tayari. Ila watoto wadogo kuliko umri wa mimba walikuwa asilimia 15.6 dhidi ya 7.6, na hapo ndipo hofu ya shangazi ina chembe ya ukweli. Ndiyo sababu wanawake hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, uzito utulie kwanza. Wewe ulipata mimba kama mwezi wa kumi, bado unapungua. Hiyo si sababu ya kuitoa wala ya kukata tamaa. Ni sababu ya kufuatiliwa kwa karibu: vipimo vya damu kila miezi mitatu ya ujauzito, na kuanzia wiki ya 24 altrasaundi ya kupima ukuaji kila wiki nne hadi sita.

Vipimo nilivyosema ni wingi wa damu na picha kamili, feritini, B12, foleti, vitamini D, kalsiamu na albumini. Vitamini A kama maabara inaweza. Fedha zikiwa haba, anza na wingi wa damu na feritini, udungwe B12 bila kusubiri kipimo, na vingine vifuate kadiri uwezavyo.

Mambo mawili ya kumwambia daktari bingwa wa wanawake mapema. Kati ya wiki ya 24 na 28 wajawazito hupimwa kisukari kwa kunyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi. Wewe usinywe. Kwa mwenye baipasi sukari hiyo hushuka utumboni ghafla, moyo ukaenda mbio, jasho, kuharisha, na baada ya saa moja hadi tatu sukari ya damu inaweza kuporomoka mpaka ukazimia. Badala yake upewe au uazime mashine ya kupimia nyumbani, upime kwa wiki moja, asubuhi kabla ya kula na saa moja baada ya kila mlo. Asubuhi isomeke chini ya milimoli 5.3 kwa lita, na saa moja baada ya kula chini ya 7.8.

La pili ni maumivu. Baada ya baipasi hubaki upenyo ndani ya tumbo, na mfuko wa uzazi unavyokua unausukuma utumbo, sehemu yake inaweza kupenya humo na kujisokota. Hutokea zaidi miezi ya mwisho. Maumivu makali ya tumbo la juu yanayokuja kwa vipindi, hasa baada ya kula, pamoja na kutapika, yasiitwe kiungulia wala uchungu mpaka daktari wa upasuaji amekuona siku hiyo hiyo. Hali hii inaua isipogunduliwa, na ikigunduliwa mapema inatibika. Kwa maumivu madogo tumia parasetamoli. Diklofenaki na aibuprofeni ziache hata baada ya kujifungua, kwani huweza kutoboa vidonda pale mfuko ulipounganishwa na utumbo. Mwambie pia atakayekuzalisha, maana diklofenaki ndiyo hutolewa kwa wengi baada ya upasuaji wa kujifungua.

Ukijifungua, nyonyesha. Maziwa yako yatamfaa mtoto ilimradi usiache sindano za B12. Mtoto anayenyonya bila kupewa kingine hupata B12 kutoka kwa mama peke yake, na mama akiwa amepungukiwa, mtoto anaweza kukua vizuri miezi ya kwanza kisha akaanza kulegea, kuacha kutabasamu, kusahau kukaa. Mweleze daktari wa watoto kuhusu upasuaji wako tangu kliniki ya kwanza.

Na kwa uzazi wa mpango, vidonge vya majira havitegemewi baada ya baipasi, zaidi ukiwa unatapika au kuharisha. Isitoshe, wanawake wengi uzito ukipungua mayai huanza kupevuka vizuri kuliko zamani, kwa hiyo mimba hii haikuwa ya ajabu. Kabla hujaruhusiwa kutoka wodi ya wazazi, zungumza na mkunga kuhusu kitanzi au vijiti.